Picha Moja Pungufu

Studio, chumba cha nyuma
Jumatatu mchana

Dada yangu mpendwa,

Pokea kwanza shikamoo yangu, ile unayoikataa kila mara kwa madai kwamba tumepishana miaka minne tu na kwamba nakuzeesha. Ipokee hivyohivyo. U hali gani? Mkono unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia kwamba unauma asubuhi ukikunja ngumi, nami sikupata nafasi ya kukuuliza kama ulirudi kwa daktari, maana ulikata simu ukisema kuna mtu kaleta mzigo wa kupimwa uzito hapo kazini kwako. Sisi huku ni wazima. Mama anakula vizuri na analala vizuri. Wiki iliyopita aliniita kwa jina la mjomba siku tatu mfululizo, na siku ya nne akaniita Shingo, jina ulilonipa wewe nilipokuwa na miaka saba, nilipotembea nikitazama ndege juu mpaka nikatumbukia mtaroni. Nilifurahi kutwa nzima. Wateja wa picha za pasipoti walinishangaa, kwa sababu kazi yangu ni kuwakataza wao wasicheke.

Najua umeshaanza kukunja uso, ukijiuliza barua ya nini na simu ipo. Sababu ninayo na nitaifikia. Nivumilie tu, unanijua, mimi hata uwanjani sipigi picha ya kwanza mpaka niwe nimeuzunguka uzio wote.

Juzi Jumamosi nilikwenda kwenye maonyesho ya ndege. Sikukuambia kwamba nakwenda, na mwaka jana pia nilikwenda nikakuficha, nikakwambia nilikuwa na harusi ya kupiga picha. Bibi harusi mwenyewe hakuwepo. Nilipata lifti kwa Mwalimu, yule mstaafu anayeandika namba za ndege kwenye daftari, na bado anaendesha vilevile. Tulipitwa na baiskeli mbili, na ya pili ilikuwa imebeba godoro. Njia nzima alinieleza kwamba picha ni za watu wasiojua kuandika, na kwamba yeye daftari lake la thelathini na moja halijawahi kuisha betri. Nilimwacha aseme. Lifti ya bure haina mabishano.

Uwanja haujabadilika. Uzio ni uleule wenye tundu karibu na tangi la maji, mahali tunapopagombania kwa sababu baada ya saa sita jua linakuwa mgongoni na ndege zinapinda zikikuonyesha tumbo na uso kwa pamoja. Zilikuja ndege nne zilizoruka kwa mstari mmoja, ikaja ile kuukuu ya mabawa mawili mawili inayokohoa kabla ya kuwaka, wakaja warukaji wa miavuli, na helikopta ikapeperusha kofia za wageni waheshimiwa mpaka watu wa uzioni tukashindwa kushika kamera kwa kucheka. Ndege yenu ya njano, ile uliyokuwa ukiirusha wewe, nayo ilikuwepo. Wameitengeneza vizuri, bawa la kushoto lina rangi changa kidogo kuliko la kulia. Aliirusha kijana mmoja wa klabu. Anarusha salama, lakini anapinda kama mtu anayegeuza kabati sebuleni, hana ule ulaini wako. Sikuipiga picha. Nilishusha kamera nikasingizia kwamba nasafisha lenzi.

Pembeni yangu alisimama mama mmoja muuguzi, mgeni kabisa kwenye mambo haya, na kamera mpya ambayo bado ina ukaratasi wa dukani kwenye mkanda. Kwenye picha zake zote pangaboi la puani mwa ndege lilikuwa limeganda, kila ubao unahesabika, ndege inaonekana kama imezimika angani na imeamua tu kutoanguka. Unakumbuka nami nilianza hivyohivyo, na jinsi ulivyonicheka. Nikamwelekeza apunguze kasi ya kamera na aifuate ndege kwa kiuno, si kwa shingo, kama mtu anayemgeukia jirani apitaye. Baada ya nusu saa akapata moja nzuri, pangaboi limekuwa duara la ukungu, akanionyesha kwa furaha mpaka na mimi nikajiona mtu wa maana.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kijana wa klabu alikuwa anajiandaa kwa mzunguko wake wa pili, anaikagua ile ya njano upande wetu, karibu na uzio. Muuguzi akainua kamera, akainua na mkono, akafungua mdomo ili amwite ageuke atabasamu. Dada, nilimkaripia yule mama kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwangu. Nilimwambia anyamaze. Watu waligeuka, yeye akarudi nyuma hatua mbili kana kwamba nimempiga. Sheria ya uzioni unaijua, maana wewe ndiye uliyenifundisha, kwamba rubani akiwa anaizunguka ndege yake kuikagua hasemeshwi. Hata kama shati lake linaungua, ulisema, mwache amalize kwanza ndipo umwambie. Nilijaribu kumwomba radhi yule mama na kumweleza sheria hiyo, lakini nilijikuta nafunga kifuko cha kamera ilhali kamera yenyewe ingali shingoni mwangu.

Fundi aliona yote. Namsema mzee wetu wa injini, yeye aliyekula chumvi nyingi na bado anapanda ngazi mwenyewe. Alikuja akanishika kiwiko, akanipeleka kwenye banda la ndege, akanikalisha juu ya kreti la vipuri na kunipa chai kwenye kikombe cha bati. Alidhani nimeiona ndege ya njano nikakukumbuka. Alisema kwamba ndege hiyo ikiwaka na yeye hukukumbuka vilevile. Kisha, kwa kutaka kunifariji tu, akaniambia mambo ambayo aliamini nayajua.

Aliniambia kwamba wiki moja kabla hujahama ulikwenda kwake, ukakaa kwenye kreti hilohilo. Ulimweleza kwamba umeisoma ripoti ya wachunguzi wa ajali mara saba, pale wanaposema kwamba rubani hakufunga kifuniko cha tangi la mafuta la bawa la kushoto, na kwamba mara zote saba umetafuta kichwani mwako ukakuta patupu. Ukamkumbusha jinsi Mama alivyoanza kusahau. Alianza na vifuniko. Chupa ya chai ikaachwa wazi, kopo la sukari likaachwa wazi, ukafuata mtungi wa gesi, yakafuata majina yetu. Mama alikuwa na miaka hamsini na mbili, na wewe una thelathini na tisa, ukasema kwako ugonjwa umewahi. Ulimwambia ni afadhali ushuke mwenyewe kuliko kushushwa.

Fundi hakuishia hapo. Alisema mwezi uliopita alipokutembelea aliona daftari karibu na kitanda chako, ambamo kila jioni unaandika ulichokula asubuhi, ili kujipima. Alisema yule mpima ardhi ambaye sisi tulidhani umemkataa kwa sababu ya ukali wako amerudi tena kukuposa, na kwamba unataka kumwambia atafute mwanamke atakayelijua jina lake uzeeni. Hujamjibu bado. Mzee alikuwa anasimulia huku anafuta spana, na mimi nilikuwa nimekishika kikombe bila kunywa.

Dada, sikujua. Naapa sikujua kwamba ndivyo unavyowaza. Miaka hii miwili nilijiambia umeacha kuruka kwa sababu ya mkono, halafu kwa sababu ya aibu, halafu kwa sababu ya hasira, na kwamba hasira huisha. Nilikuwa najipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sasa sikiliza, na tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujashika simu.

Asubuhi ya maonyesho ya mwaka juzi unayoitafuta kichwani kwako hukuisahau kwa ugonjwa. Iliondolewa na lile pigo la kichwa ulipotua kwenye majani nje ya uwanja, na daktari alikwambia hivyo mbele yangu. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba asubuhi hiyo mimi ninayo yote. Ulikuwa umevaa ovaroli ya bluu, mikono umeikunja mpaka kwenye viwiko. Ulianza kukagua puani, ukaja kwenye gurudumu, ukafika kwenye bawa la kushoto. Ulifungua kifuniko cha tangi, ukachovya kijiti cha kupimia, ukakitazama, ukakifuta kwenye paja. Ulirudisha kifuniko mahali pake kwa mkono wa kulia na kiganja kilikuwa tayari juu yake, kilichobaki ni kuzungusha tu. Mwanga ulikuwa unakupiga ubavuni. Nilikuwa sijawahi kukuona umependeza hivyo, na mimi niliye na kibali cha kuingia ndani ya uzio kwa sababu ni ndugu wa rubani, mimi ninayewafundisha wageni sheria, nilikuita. Nilisema, Dada, nitazame.

Ukageuka, ukacheka. Nikapiga picha moja. Papo hapo yule wa kipaza sauti akatangaza kwamba ratiba imesogezwa mbele na kwamba wewe ndiye unayefuata, ukalipiga bawa kofi la kirafiki, ukaendelea na mkia. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko unaotumia kuisoma aya hii.

Ulipofika mzunguko wa tatu niliona kupitia lenzi uzi mweupe nyuma ya bawa la kushoto. Nikadhani ni moshi wa maonyesho, mmeamua kutupambia. Nilifurahi. Nilipiga picha kumi na moja za mafuta yako yakimwagika, kisha injini ikanyamaza. Yaliyofuata unayajua kwa kovu lako, sina haja ya kukueleza.

Wiki moja baadaye ukiwa ungali hospitalini na plasta, nilikaa hapahapa ninapoandikia, nikaikuza ile picha moja ili nikutengenezee fremu. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga maishani. Pembeni, chini ya vidole vyako, kuna kile kishikio kidogo cha kifuniko, ambacho kikifungwa hulala bapa kabisa. Kilikuwa kimesimama. Sikuhitaji hata kuvaa miwani.

Wachunguzi walipotuomba watu wote wa uzioni tupeleke picha zetu za siku ile, mimi nilipeleka mia mbili na kumi na mbili. Zilipaswa kuwa mia mbili na kumi na tatu. Afisa alinishukuru, akasema watu kama mimi huwarahisishia kazi. Nilitoka ofisini pale nikatembea mpaka nyumbani kwa miguu, nikapita hata kituo cha basi bila kukiona.

Siwezi kukueleza kwa nini ukaridhika. Niliogopa kwamba utaanza kunitazama kama unavyomtazama mtu baki. Siku ripoti ilipotoka ulikuja kula kwetu, ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hujui umesahauje. Mama alikuwa anacheka jambo lake mwenyewe. Nami nilikuwa nimeshika birika. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, Dada, birika likiwa mkononi, lakini nilikumiminia chai nikakuuliza kama sukari imetosha. Kila siku baada ya hapo ilikuwa ngumu zaidi kuliko iliyotangulia, mpaka nikazoea kubeba jambo hili kama mtu anayezoea kiatu kinachombana.

Jumamosi nilimwambia Fundi yote, palepale kwenye kreti. Nilitaraji anifukuze. Aliifuta spana ambayo alishaifuta, akaifuta tena. Hatimaye akasema kwamba kuna sheria nyingine, ya marubani, kwamba ukikatizwa unarudi kuanza upya kuanzia puani, na kwamba wewe utakuwa wa kwanza kunikumbusha ili unitue mzigo. Akasema hilo ni letu sisi wawili. Lakini akanionya nisikupigie simu. Kwenye simu, alisema, utanikatiza kabla sijafika katikati na kuanza kunitetea, kama ulivyonitetea kwa mwalimu mkuu siku nilipovunja kioo cha maktaba ukasema ni wewe. Barua huwezi kuikatiza. Alinitaka niandike upesi, nisijipe muda wa kutunga.

Nikapiga moyo konde. Leo saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni mwa wachunguzi kabla hawajafungua. Afisa ni yuleyule. Nilimpa picha, nikamweleza nilikuwa nimeiweka wapi na kwa nini, akaandika, nikatia sahihi. Hakunishukuru safari hii. Alisema nitaitwa, na nikiitwa nitakwenda. Wakinipokonya kibali nibaki uzioni maisha yangu yote, nitakuwa namsikiliza Mwalimu na namba zake, hiyo ndiyo adhabu.

Nakala ya picha nimeiweka ndani ya bahasha hii, nimeizungushia kadibodi isikunjike. Nakuomba usitazame uso wako kwanza, ingawa unapendeza. Tazama mkono. Tazama jinsi kiganja kilivyolala juu ya kifuniko na kiwiko kilivyoinuka tayari kuzungusha. Sijui kama ugonjwa wa Mama utatufikia, wewe au mimi, na hakuna anayejua. Ninachojua, na ninacho ushahidi wake kwenye karatasi, ni kwamba asubuhi ile ugonjwa huo haukuwepo pale. Hukusahau, Dada. Uliitwa. Na uligeuka kwa sababu tangu nizaliwe sijawahi kukuita usigeuke.

Sikuombi msamaha kwenye barua hii. Nitakuja kuuomba kwa miguu yangu, siku utakayosema nije, na usiposema nitaelewa. Naomba tu hilo daftari la karibu na kitanda ulifunge. Ulichokula asubuhi si kazi ya mtu kukiandika.

Mama anakusalimu sana. Jana nilipokuwa naichapa picha aliingia huku nyuma, akaitazama muda mrefu. Jina lako hakulipata, lakini alisema kwamba huyu ni wa kwake, na kwamba amekonda, apewe chakula. Mwalimu anakusalimu na anauliza kama unakumbuka namba ya ndege ya njano, maana ukurasa wake umeloa chai. Fundi amenituma nikwambie kwamba vifaa vyako vya masikioni bado vipo kwenye kabati lake, na kwamba vinamjazia nafasi.

Mimi unaweza kunichelewesha kadiri upendavyo, mwezi au mwaka, nimestahili. Yule mpima ardhi mjibu wiki hii.

Ni mimi mdogo wako,
Shingo